Saumu Ambayo Sikuifunga

Idd ile iliangukia Jumapili, na kadi yangu ya kliniki ilinitaka nirudi Jumatatu, ambayo kwa hesabu yetu ni tarehe tisa Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Baina ya siku hizo mbili palikuwa na wiki nzima ya sherehe, na mwisho wake palikuwa na swali moja: nitabaki nyumbani kwangu, au nitahamishwa?

Tarehe naziandika kwa makini kwa sababu nilichelewa kuzijua. Nilijifunza kusoma na kuandika nikiwa na umri wa miaka arobaini na sita, katika darasa la gumbaru lililokuwa likianza baada ya Alasiri. Tangu siku niliyoweza kuandika tarehe bila ya kuchungulia daftari la mwenzangu, sijaacha siku ipite bila kuiandika. Katika daftari langu mna siku aliyofariki mume wangu, Jumanne, tarehe kumi na nne Mfungo Kenda, na mna siku zote za eda yangu, miezi minne na siku kumi, nilizozikaa ndani ya nyumba hii ya ghorofa mbili, Mji wa Kale, nikitazama kichochoro kutoka juu. Eda ilikuwa nzito, lakini ilikuwa na siku yake ya kutoka, nami niliijua.

Mwaka uliotangulia, siku ya tatu ya Idd, nilianguka ngazini. Vilikuwa vidato vitatu tu, lakini mwanangu wa kwanza, anayeishi Nairobi na mkewe na watoto wao watatu, alikuwapo akaona. Kliniki wakasema sukari imepanda mno. Ilipanda kwa sababu zilizo wazi. Mimi ndiye mkubwa wa ukoo uliobaki, na desturi yetu ni kwamba watu huja kunipa mkono wa Idd, kila ajaye huja na sahani iliyofunikwa kawa, na kila sahani ina mwenyewe anayesubiri kuona unaonja. Sahani ya mtu hairudi tupu, kwa hiyo unapika nawe, na unapopika unaonja tena. Ukila kwa huyu usipokula kwa yule, umemvunjia heshima yule mpaka Idd nyingine.

Mwanangu alitoa hukumu yake hapo hapo. "Mama, ikipanda tena Idd ijayo, wahamia kwangu. Mimi siwezi kukaa Nairobi nikingoja simu ya kuambiwa umeanguka."

Aliporudi mwaka ule ninaousimulia, alikuja na sanduku la buluu lisilo na kitu ndani. Aliliweka chini ya ngazi. Hakusema ni la nini, wala sikumuuliza.

Ramadhani nilikuwa nimeifunga yote, kwa idhini ya daktari, baada ya vidonge vyangu kupangwa upya. Siku mbili kabla ya Idd, muuguzi wa kliniki, mwanamke wa bara mwenye sauti ya ukali na mikono ya upole, alinirudishia kidonge changu cha asubuhi, nikinywe nikishakula. Akanionya. "Mama, Ramadhani si tatizo lako. Tatizo lako ni Idd. Sisi nasi ni Krismasi ndiyo hutumaliza. Kula kwa saa zako, tembea asubuhi, lala mchana, na usikubali kulishwa kama mtoto. Na usifunge tena mpaka tukuone."

Maneno hayo hayakuwa na ugumu wowote nilipokuwa nimekaa mbele yake. Nyumbani, Jumapili, kabla ya adhuhuri, nilikuwa nimeshaonja tambi za nyumba ya kwanza, mkate wa sinia wa nyumba ya pili, na halua ya watu wa nyumba ya tatu waliosimama juu ya kichwa changu mpaka nikameza. Chumba changu nilikuwa nimempa mke wa mwanangu na watoto. Nilikuwa nakaa ukumbini mchana kutwa, na usiku nikilala ukumbini humo humo. Matembezi yangu ya alfajiri yalikatazwa. "Ngazi, Mama," mwanangu alisema, akiwa ameketi kidato cha juu kabisa kama bawabu. "Pumzika. Hii ni sikukuu." Kila mtu alinitaka nipumzike, na hapakuwa na mahali pa kupumzikia.

Jumatatu, tarehe mbili Mfungo Mosi, mnamo saa nne asubuhi, waliingia mawifi zangu wawili, dada za marehemu mume wangu, na sahani ya visheti.

"Onja, wifi. Kimoja tu."

"Nimeshiba, wallahi."

"Umeshiba vya nani? Vya wale wa jana ulikula, tumesikia. Vyetu vina nini?"

Niliitazama ile sahani, nikalikumbuka sanduku chini ya ngazi, na mdomo wangu ukatoa neno ambalo sikuwa nimelipanga.

"Nimefunga. Nimeanza sita."

Kwa asiyejua, sita ni siku sita za sunna ambazo wengi wetu huzifunga katika mwezi unaofuata Ramadhani. Mimi sikuwa nimezifunga mwaka ule, wala sikuwa nimenuia. Asubuhi ile ile nilikuwa nimekula mkate na yai. Lakini mara neno liliponitoka, ukumbi mzima ulibadilika. "Mashaallah!" walisema mawifi zangu kwa pamoja, na ile sahani ikaondolewa mbele yangu upesi kuliko sahani yoyote iliyopata kuondolewa katika nyumba ile. Wageni waliofuata waliambiwa mlangoni. Waliingia wakizungumza kwa sauti ya chini, wakaniomba niwaombee dua. Kwa muda wa saa moja hivi nilijiona mjanja.

Kisha nikahisi kiu.

Sikuwa nimefikiri kwamba mtu aliyefunga hafungi mbele ya wageni peke yao. Mke wa mwanangu alikuwa jikoni tangu alfajiri. Watoto walikuwa sakafuni, juu kwenye paa la nyumba, penye kamba za nguo. Mwanangu alikuwa ngazini. Mlango pekee wenye komeo katika nyumba yote ulikuwa wa chooni, na mimi sikulelewa nile chooni. Nilikaa pale ukumbini nikipokea sifa za ibada ambayo sikuifanya, ulimi umeganda, nikisikiliza adhana ya Adhuhuri, kisha ya Alasiri, kama mtu anayesikiliza hatua za mlinzi wake.

Magharibi ilipoingia, ndipo nilipoyaona matunda ya ujanja wangu. Mke wa mwanangu, kwa kuniheshimu, alikuwa ameandaa futari ya watu kumi: viazi vya nazi, mbaazi, mahamri, ndizi mbivu za sukari, maji ya embe. Na jirani yangu wa upande wa pili wa kichochoro, mjane kama mimi, shoga yangu wa miaka thelathini, akaja na bakuli la kaimati zinazong'aa kwa shira ya sukari.

"Shoga, kumbe wafunga nawe! Nami nimeanza leo. Nikasema sitafuturu peke yangu kama yatima, na mwenzangu yupo hapa."

Yeye alikuwa amefunga kweli. Midomo yake ilikuwa imekauka. Alinyanyua tende, akasoma dua kwa utaratibu, nami nikanyanyua yangu nikasoma naye. Nimeshafanya mambo katika maisha yangu ninayoyajutia, lakini machache yalinichoma kama tende ile. Kisha wakanilisha. Aliyefunga hawezi kusema ameshiba. Amefunga kutwa, ameshibaje? Nilikula kaimati tano.

Jumanne nilifanya vile vile, kwa kuwa sikujua namna ya kutoka. Nilipanda sakafuni mara mbili nikisingizia kuanua nguo, nikanywa maji kwa kiganja kwenye mfereji wa tangi, nikiwa nimewapa watoto mgongo. Mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka saba, aliniuliza, "Bibi, waosha nini?" Nikamjibu kwamba natia udhu. Huo ulikuwa uongo wa pili, juu ya ibada ya pili. Jioni futari ikawa kubwa zaidi, kwa sababu mawifi nao walileta ya kwao.

Jumatano, tarehe nne Mfungo Mosi, niliamka na kichwa kizito. Nilikuwa nimekataa kuamshwa kula daku kwa sababu tumbo lilikuwa bado limejaa. Baada ya sala ya alfajiri nilijipima kwa kile kipimo kidogo cha kidoleni. Tarakimu niliyoiona imo daftarini, na hapa sitaitaja. Zilikuwa zimebaki siku tano kufika Jumatatu ya kliniki. Niliogopa. Kwa hofu hiyo nikafanya kosa ambalo hata mwanafunzi wa gumbaru wa wiki ya kwanza, akisomewa karatasi ya dawa, asingelifanya: nilimeza vidonge viwili mahali pa kimoja, na nikavimeza bila chakula, kwa kuwa jikoni palikuwa na mtu.

Saa nne na nusu ukumbi ulikuwa umejaa. Walikuwapo mawifi zangu, jirani yangu, mke wa mwanangu akizungusha gilasi za maji ya ukwaju yenye sukari, na mwanangu amesimama mlangoni. Wifi mkubwa alikuwa akisimulia habari ya arusi, na sauti yake ikaanza kunijia kwa mbali, kama anayesema kutoka nyumba ya tatu. Jasho la baridi likanitoka shingoni. Nikaitazama mikono yangu mapajani, ikawa inatetemeka, nami siwezi kuituliza. Nilizijua dalili hizo, kwa sababu muuguzi alinisomesha moja moja. Alikuwa ameniambia: ukifika hapo, usingoje, kunywa kitu kitamu, ukichelewa utaanguka.

Na nikangoja. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Gilasi ilikuwa mbele yangu, umbali wa mkono, na nilikaa nikiitazama, nikipima lipi jepesi, kuanguka au kuonekana.

Nilinyoosha mkono. Nilikinywa kile kinywaji chote, mpaka chini, mbele ya macho yao.

"Mama!" alipiga kelele mke wa mwanangu. "Umesahau! Umefunga!"

Kisha wifi mdogo, kwa huruma kabisa, akaleta wokovu. "Mwacheni, kasahau maskini. Aliyesahau Mungu kamlisha na kamnywesha. Saumu yake iko pale pale. Nawa mdomo, wifi, uendelee."

Ndivyo ilivyo katika dini yetu: aliyekula kwa kusahau hana neno, atatimiza saumu yake. Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi, na wote walikuwa wakiningojea nipite. Ningesema ndiyo, nimesahau, ningebaki mcha Mungu na mkubwa wa ukoo, na nikaendelea kufunga saumu isiyokuwapo Alhamisi, na Ijumaa, na Jumamosi. Nilimtazama jirani yangu. Alikuwa amefunga, midomo mikavu, akinitazama kwa wasiwasi wa kweli.

"Sikusahau," nikasema. "Sikufunga."

"Leo?" akauliza wifi mkubwa.

"Leo, na jana, na juzi. Nilichoka kulishwa. Nipeni kipande cha mkate, tafadhali, natetemeka."

Mke wa mwanangu ndiye aliyeleta mkate, mbio, akanishika mkono mpaka nikamaliza. Mawifi zangu walitazamana. Jirani yangu alikunja na kukunjua ncha ya leso yake. Hatimaye akasema, taratibu:

"Kaimati zangu."

"Nisamehe, shoga."

"Juzi nilizitosa kwenye shira mara mbili. Nikasema, mwenzangu mgonjwa, kafunga, apate nguvu." Akatikisa kichwa. "Mimi nimekuwa nikikuua kwa mikono yangu, nawe wanisomea dua!"

Wifi mdogo akaanza kucheka kwanza, akajiziba mdomo. Kisha wakacheka wote, na jirani yangu akacheka mwisho, macho yakiwa na machozi. Tangu siku hiyo, akitaka kunichokoza, huniuliza mbele za watu, "Hivi leo shoga yangu wafunga, au wafunga ile yako?" Namwacha. Ana haki yake.

Mwanangu hakucheka. Wageni walipoondoka, alikaa chini, juu ya mkeka, jambo ambalo halifanyi tena tangu apate cheo.

"Mama, kama hukuweza kuniambia una njaa, siku utakayoanguka utaniambiaje?"

Nikamjibu lililo la kweli.

"Nilikuficha kwa sababu kila nikisema naumwa, wewe watazama chini ya ngazi. Toka uje sijapata kukaa na mwanangu. Nimekaa na sanduku lako."

Akainamisha kichwa. Niliona anataka kukana, kisha nikaona ameamua asikane.

"Nipe mpaka Jumatatu," nikasema. "Nyumba hii niiendeshe kwa saa zangu. Kliniki wakisema nimeshindwa, nitafungasha mwenyewe, wala hutanishika mkono."

Aliniahidi. Neno hilo nililitoa kwa kiburi, na usiku huo nililijutia, lakini lilikuwa limekwisha toka.

Nilichofanya siku zilizobaki si jambo la kuandikiwa kitabu. Mlango wa chini ulifungwa kutoka Adhuhuri hadi Alasiri, nami nikakirudia chumba changu, nikalala miguu juu ya mto, simu imezimwa. Wageni walipokewa kuanzia Alasiri hadi karibu na Magharibi, na sahani zao ziliwekwa pamoja juu ya meza moja kubwa, wakala wao kwa wao. Sikuonja ya mtu yeyote, kwa hiyo hapakuwa na aliyependelewa. Wifi mkubwa alinuna Alhamisi, Ijumaa akanisalimu kwa vidole viwili, Jumamosi akasahau. Nilikula muhogo wa kuchemsha, samaki wa kuchoma na mchicha, kidogo kidogo, kwa saa zile zile. Niliwapa wageni maji ya ndimu yasiyo na sukari, na ajabu ni kwamba wengi walishukuru. Walikuwa wamechoka nao, ila hakuna aliyethubutu kuanza.

Na alfajiri nilitembea. Mwanangu alishika sharti moja, kwamba atafuatana nami. Tulishuka ngazi, mimi mbele, kidato kimoja kimoja, tukapita vichochoro mpaka mtaa wa Makadara, maduka yakiwa bado yamefungwa, wapika chai wakiwasha moto, kisha tukarudi. Siku ya kwanza alinishika kiwiko njia nzima kama polisi. Siku ya pili alikiachia. Siku ya tatu tulikuwa tukizungumza habari za baba yake, na aliposita ni mimi niliyemgeukia kumngoja, kwa sababu pumzi zilikuwa zimemwishia. Alijua kwamba nimeona.

Jumatatu, tarehe tisa, tulikwenda kliniki pamoja. Muuguzi alinichoma kidole, kisha akatoa damu ya mkononi.

"Ya kidole ni habari ya leo," akasema. "Hii ya mkono itatuambia miezi mitatu. Hiyo haidanganywi kwa wiki moja, mama."

Nikamtazama kama aliyeshikwa. Nikamweleza yote, saumu, vidonge viwili, gilasi ya ukwaju. Alinisikiliza bila kunikatiza, na kwa mara ya kwanza ukali ulihama kutoka sautini ukaingia machoni. "Vidonge viwili bila chakula," akarudia. "Mama, ungekuwa umeanguka, na hapo mwanao angekuwa na haki." Akaliandika kwenye kadi, kwa wino, mahali ambapo halifutiki.

Tulingoja majibu mpaka karibu na adhuhuri, mimi na mwanangu, bega kwa bega kwenye benchi, kila mmoja akitazama ukuta wake. Yalipokuja, yalikuwa ya katikati. Ya kidole ilikuwa nzuri. Ya miezi mitatu ilikuwa imeshuka kidogo, lakini haijafika alipotaka daktari. Nibaki na vidonge vile vile. Sindano za sukari bado.

Mwanangu akamwinamia muuguzi. "Sasa, kwa hali hii, aweza kukaa peke yake?"

"Hilo si swali la maabara," muuguzi akamjibu. "Na mwenyewe amekaa hapo. Muulize."

Akanigeukia. Alingoja.

"Nitakwambia nikiwa na njaa," nikasema. "Nitakwambia nikiwa naumwa. Na wewe usije tena na sanduku tupu."

Jumanne, tarehe kumi, walipanda treni kurudi Nairobi. Lile sanduku la buluu lilishuka kutoka nyumbani kwangu likiwa zito mpaka mwanangu akalibeba kwa mikono miwili. Nilikuwa nimelijaza visheti, mahamri na halua zilizobaki mezani, sahani za watu kumi na saba, na sikumpa nafasi ya kusema ameshiba.

Nilipofunga mlango, nyumba ilikuwa kimya. Nilikaa ukumbini na daftari langu. Mwanangu alikuwa ameniambia kituoni, kwa furaha, kwamba Idd ya Mfungo Tatu watakuja wote tena, na safari hii watakaa wiki mbili. Nikazihesabu siku. Zilikuwa hamsini na tisa, ikiwa mwezi mmoja kati ya hiyo miwili utaandama mapema. Niliiandika hesabu hiyo chini ya tarehe ya siku ile, nikavaa viatu, nikamwita shoga yangu dirishani ashuke tutembee.